Kura ya Uji Kule Junju

Siku ya kwanza ya kazi nilipewa upawa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mengine kabisa. Nilipiga pasi buibui langu, nikatia vyeti vya shule ndani ya bahasha, na mamangu akanisomea dua mlangoni kwetu Shela, mjini Malindi, kama ninayesafiri mbali. Nilidhani nitaonyeshwa meza na kiti. Lakini yule mama aliyenipokea ofisini Kilifi alinipitisha moja kwa moja hadi jikoni, akanionyesha sufuria ya uji uliokuwa bado unatoa mvuke, akapanga mabakuli ya plastiki juu ya meza na kunikabidhi ule upawa.

"Teka," akasema. "Kila bakuli liwe sawa na mwenzake."

Nikateka kwa uangalifu wote niliokuwa nao. Nilipomaliza aliweka bakuli moja moja juu ya mizani, na mimi nikasimama kando nikiona aibu inanipanda, kwa sababu hakuna mawili yaliyolingana.

"La kwanza ulilijaza kwa woga," akaniambia, "na la mwisho kwa kuchoka. Hakuna ubaya, kila mtu huanza hivyo. Lakini kama kipimo chetu kinayumba, maneno mengine yote tutakayosema ni porojo."

Huyo ndiye aliyekuwa Mtafiti Mkuu wa mradi. Alikuwa Mkamba kutoka bara, Kiswahili chake kifupi kifupi na kisicho na mapambo, na sisi tulimwita Daktari tu. Wiki yangu ya kwanza nzima niliimaliza mle jikoni. Nilijifunza kujaza upawa, kuusawazisha kwa mgongo wa kisu, kuumimina wote bila kubakisha, kisha kupima. Jioni nilirudi kwa shangazi yangu, ambaye nilikuwa nikikaa kwake, mkono ukiuma, na alipouliza ofisini nafanya kazi gani nilimjibu kwamba nateka uji. Alicheka hadi akakaa chini.

Vijana wanaoingia katika kazi hizi leo huniuliza tulikuwa tukitafuta nini miaka ile ya themanini. Swali lenyewe lilikuwa jepesi kulisema. Shule za nasari za pwani yetu zilikuwa zikipata unga wa uji kutoka kwa wahisani. Unga ulikuwa na kiasi chake, na shule zilikuwa nyingi. Nyingine hazikupata kabisa. Je, ilikuwa bora kumpa mtoto bakuli kubwa zaidi, ili anenepe na apate nguvu, ijapokuwa unga ungefikia shule chache? Au bakuli la kawaida lilitosha, na unga ungeweza kwenda mbali zaidi? Kila mtu alikuwa na jawabu lake. Waalimu walisema bakuli kubwa, wahisani walisema bakuli la kawaida, na wote walisema kwa uhakika. Daktari peke yake ndiye aliyesema kwamba mambo kama haya hayaamuliwi kwa uhakika wa mtu, huamuliwa kwa jaribio.

Jaribio la kwanza tulilifanya Malindi, katika nasari moja ya Kisumu Ndogo, na halikufaulu. Aliyelipanga hakuwa Daktari. Alikuwa mtu wa ofisi kuu aliyekuja, akapanga, akaondoka. Mpango wake ulikuwa kwamba watoto watakaofika mapema wapewe bakuli kubwa, na watakaofuata wapewe la kawaida, mpaka muhula uishe. Tulipokuja kuwapima, wale wa bakuli kubwa walikuwa wazito kweli kweli, na mwalimu alifurahi. Daktari aliyatazama matokeo yale, kisha akamgeukia Msimamizi wa Nyanjani.

Msimamizi wa Nyanjani alikuwa Bwana Katana, Mgiriama wa kijiji cha Junju, mrefu, mpole, mwenye mazoea ya kusugua kidevu kabla ya kusema. Kazi yake ilikuwa kuzunguka vijijini na kuhakikisha kwamba yale tuliyopanga ofisini ndiyo yanayofanywa huko.

"Bwana Katana, ni watoto gani wanaofika mapema?"

Akasugua kidevu. "Wanaokaa karibu, Daktari. Na ambao mama zao hawatoki alfajiri kwenda kuuza. Na wasio wagonjwa."

"Kwa hivyo walikuwa wazito hata kabla ya uji wetu."

"Lile halikuwa jaribio," akasema Bwana Katana. "Zilikuwa mbio, na sisi tukawapa zawadi walioshinda."

Kazi ya muhula mzima ikatupwa. Mimi niliumia, kwa maana nilikuwa nimeteka uji ule kwa mkono wangu, lakini ndipo nilipoelewa jambo ambalo limekuwa mhimili wa kazi yangu yote. Ukitaka kujua kama kitu fulani kinafaa, lazima uwe na makundi mawili yanayofanana kwa kila hali isipokuwa kitu hicho kimoja. Na watu hawafanani wenyewe. Ukimwachia mwalimu achague, atachagua kwa huruma au kwa udugu. Ukiwaachia wazazi, atapata yule mwenye sauti. Njia pekee ya kuyafanya makundi yafanane ni kugawa kwa nasibu, yaani kwa kura, kwa sababu kura haimjui mwembamba wala mnene, haimjui mtoto wa chifu wala wa mchuuzi.

Neno hilo lilinipa taabu nyumbani. Babangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, na jamaa zetu walitoka visiwa vya kaskazini, watu wasiochezea mambo ya dini. Nilimweleza kwa wasiwasi kwamba tutawagawa watoto kwa kura, nikamwuliza kama hiyo si kamari.

"Kamari ni mtu kutia mali yake akitaraji kula ya mwenzake," akasema. "Kura ni nyingine. Kitu kikiwa hakitoshi, na wote wana haki sawa, kupiga kura ni uadilifu. Watu wamegawana hata urithi kwa kura. Ila angalia jambo moja, mwanangu. Kura ipigwe mbele ya watu, na anayeipiga asiwe na jicho upande wowote."

Nilipomweleza Daktari maneno hayo, alisema hivyo ndivyo tutakavyofanya Junju. Kura ingepigwa barazani, mbele ya wote.

Safari hii hatukugawa mtoto mmoja mmoja. Bwana Katana ndiye aliyetukumbusha kwamba watoto wa darasa moja wakipewa mabakuli tofauti watamiminiana, na mwisho hutajua nani amekula nini. Kwa hivyo tuligawa nasari nzima nzima. Kwanza tuliwapima watoto wote, uzito, urefu na unene wa mkono, kabla kura haijapigwa. Mpangilio huo una maana yake: ukishajua mtoto yuko kundi gani, jicho lako huanza kumpendelea hata bila wewe kutaka. Kwa sababu hiyo hiyo, aliyekuja kuwapima mwishoni alikuwa muuguzi wa mbali ambaye hakuambiwa nasari ipi ilipata nini.

Siku ya baraza watu walifurika. Wengine walikuja na vitambulisho, wakidhani kura tuliyoitangaza ni ya uchaguzi, na Bwana Katana alikuwa na kazi ya kuwaeleza kwamba hapa hakuna mgombea. Vikaratasi vilitiwa ndani ya kikapu cha ukili, kila mwalimu akaja kuchukua chake na kukisoma kwa sauti. Zilikuwako nasari mbili zilizokaribiana sana, moja upande wa juu wa barabara na nyingine upande wa chini. Ya juu ilipata bakuli kubwa. Ya chini ilipata la kawaida, lile lile walilokuwa wakipewa siku zote.

Mama mmoja wa nasari ya chini akasimama. Nilikuja kumjua kwa jina la Mama Kadzo. Alikuwa wa rika langu, mwenye kusuka makuti ya kuuza, na binti yake Kadzo alikuwa mmoja wa watoto ambao mikono yao ilitutia wasiwasi. Tulikuwa tukipima mkono kwa utepe wenye rangi: kijani ni salama, manjano ni mpakani, nyekundu ni hatari. Kadzo alikuwa manjano.

"Nani ameamua kwamba mwanangu ale kidogo?" akauliza.

"Hakuna aliyeamua, mamangu," akajibu Bwana Katana. "Ni kura."

"Kura haina macho."

"Ndiyo, haina."

"Basi ingekuwa nayo ingemwona Kadzo." Akaketi, na watu wakaguna kumuunga mkono. Daktari alieleza kwamba mtoto yeyote atakayefika rangi nyekundu atatolewa katika jaribio siku hiyo hiyo na kupelekwa hospitali, kura yake iwe ipi. Watu walisikia, lakini nadhani hawakuamini.

Wiki chache baadaye tuligundua kwamba Kadzo hayuko tena nasari ya chini. Mamake alikuwa amemvusha barabara na kumtia ya juu, na mama wengine wakafuata. Mwalimu wa juu hakuwa na moyo wa kumfukuza mtoto, na uji ukawa hautoshi.

Tulikutana ofisini Kilifi, na nilitaraji Daktari atakasirika. Bwana Katana alisema waziwazi kwamba yeye hatakwenda Junju kumfungia mtoto mlango.

"Hakuna atakayefunga mlango," akasema Daktari. "Waliohama waendelee kula huko huko walikohamia. Lakini katika hesabu yetu tutawaweka pale kura ilipowaweka."

Nikauliza, "Daktari, mtoto anakula bakuli kubwa, nasi tutamhesabu wa bakuli la kawaida?"

"Ndiyo. Fikiria, Zuhura. Ni mama gani anayemvusha mtoto barabara kila asubuhi?"

Nikafikiri. "Anayehangaika zaidi."

"Tukiwahamisha katika hesabu, tutakuwa tumekusanya mama wote wanaohangaika upande mmoja. Hapo ni Kisumu Ndogo tena."

Nimeona wasomi wengi wakilipata jambo hili kwa taabu, na mimi mwenyewe lilinichukua siku kadhaa kulielewa vizuri. Ukishakubali kura, ukubali mpaka mwisho. Watu wataishi wanavyoishi, na jaribio zuri hupangwa likijua hivyo.

Nilitumwa kwa Mama Kadzo, si kumkemea bali kumtembelea. Nilimkuta uani anasuka makuti, vidole vikienda bila yeye kuvitazama. Nikapiga hodi, akanikaribisha na kunipa kigoda.

"Umekuja kumrudisha," akasema.

"Sikuja kumrudisha. Nimekuja kumwona tu."

Kadzo alikuwa amelala ndani ingawa ilikuwa mchana. Alikuwa akiharisha tangu juzi. Nilitoa utepe, nikauzungusha mkononi mwake, nikauvuta taratibu, nikausoma. Nikausoma tena kwa kuwa sikutaka iwe kweli. Ilikuwa nyekundu.

Hatukupoteza wakati. Gari la mradi lilikuwa limenisubiri barabarani. Mama Kadzo alijifunga leso, akambeba mtoto, tukaenda hospitali ya Kilifi. Njiani hakusema neno ila moja: "Huyu alikuwa anakula bakuli kubwa."

Mtoto alilazwa. Huku nyuma habari zilifika Junju kabla ya gari kurudi, na kama kawaida ya habari, zilifika zimevaa nguo nyingine. Ilisemwa kwamba mradi umemnyima mtoto chakula ili kuona itakuwaje. Wazazi wakaanza kuwatoa watoto katika nasari zote, za bakuli kubwa na la kawaida. Chifu akaitisha baraza, na tukaambiwa kwamba baada yake huenda tusiruhusiwe kurudi.

Nilikuwa nikimpelekea Mama Kadzo chai wodini. Asubuhi moja mtoto alikuwa ameanza kunywa maziwa, na mamake, ambaye kwa siku zote hizo alinijibu kwa kichwa tu, akaniuliza, "Dada, ungekuwa na mtoto pale chini, ungekubali?"

Sikuwa na mtoto wakati huo. Nilimwambia kwamba sijui.

"Na hilo bakuli kubwa, lina faida au halina?"

"Hilo swali la Daktari."

"Basi aje mwenyewe anijibu."

Nilimfikishia Daktari, na alasiri ile ile alikuja. Hakukuwa na kiti, akakaa ukingoni mwa kitanda, miguuni mwa mtoto. Mama Kadzo akamwuliza kama alivyoniuliza mimi.

"Sijui," akasema Daktari.

"Wewe ni daktari."

"Ni daktari, na sijui. Ningejua kwamba bakuli kubwa linafaa, ningewapa watoto wote leo, na kura isingekuwako. Ningejua halifai, nisingempa hata mmoja. Watu wengi watakwambia wanajua. Wakikosea, ni watoto wanaolipa, tena bila mtu kugundua."

Mtoto alijigeuza, Daktari akamvuta shuka na kumfunika.

"Mkijua," akasema Mama Kadzo, "mtatuambia sisi kwanza, ama mtawaambia wenye unga?"

Desturi ya wakati ule ilikuwa matokeo kwenda ofisi kuu na kwa wahisani. Kijijini hayakurudi kamwe. Lakini Daktari akasema, "Ninyi kwanza. Nakuahidi."

Siku ya baraza mimi na Bwana Katana tulisimama pembeni. Daktari alianza kusema, watu wakamzomea. Chifu akanyoosha mkono kutaka utulivu, lakini uliopatikana ulikuwa mdogo. Ndipo Mama Kadzo akaja mbele, Kadzo mgongoni, amedhoofika lakini macho yamechangamka. Kelele zilipungua, kwa kuwa wengi walikuwa wameambiwa mtoto huyo amekufa.

"Mwanangu aliugua tumbo," akasema. "Alikuwa akila bakuli kubwa alipougua, nilimhamisha mimi mwenyewe kwa miguu yangu. Aliyemnyima chakula simjui. Waliompeleka hospitali ni hawa. Nimemuuliza huyu mama kama bakuli kubwa lina faida, akaniambia hajui. Mimi nimeona madaktari, sijaona aliyesema hajui." Akapumua. "Na ameahidi kwamba wakijua, tutaambiwa sisi kwanza. Kadzo akipona vyema namrudisha chini. Tungoje tujue."

Hakupigiwa makofi. Watu walitawanyika wakizungumza wawili wawili. Lakini Jumatatu iliyofuata nilipofika na sufuria zangu, watoto walikuwa wamerudi, na walio wengi walikuwa katika nasari zao wenyewe.

Tulimaliza muhula, na mwingine baada yake. Yule muuguzi wa mbali akapima, Daktari akafanya hesabu na kuzirudia, kisha kabla hata ya kuandikia ofisi kuu tulipanda gari kwenda Junju. Alieleza kwa maneno mepesi. Tofauti kubwa baina ya makundi mawili haikuonekana. Watoto wa bakuli kubwa walikuwa wakirudi nyumbani wameshiba, hawagusi cha mchana. Wengine walibakisha na kuwachukulia wadogo zao. Kilichozidi shuleni kilipungua nyumbani. Kwa hivyo angependekeza bakuli la kawaida kwa wote, na unga utakaobaki upelekwe nasari za ndani huko ambazo hazijawahi kupata.

Kisha Mama Kadzo akacheka, kicheko cha chini cha mtu anayejicheka mwenyewe. "Kumbe barabara nilivuka bure."

"Hukuvuka bure," Bwana Katana akamwambia. "Ulitufundisha kuhesabu."

Mzee mmoja aliuliza nasari hizo za ndani ni zipi. Zilipotajwa alisema dadake ameolewa huko, na wajukuu zake wako huko. Baraza likaisha kwa watu kupanga nani atawasaidia waalimu wa kule kujenga majiko.

Baada ya hapo nilizunguka sana. Niliazimwa hata na hoteli moja ya Bofa, ufukweni mwa Kilifi, ambako meneja alitaka kujua kama sahani ndogo zitapunguza chakula kinachotupwa. Tulipiga kura ya siku: siku hii sahani ndogo, siku ile kubwa, na wahudumu wasijue mpaka asubuhi. Mpishi mkuu alinuna msimu mzima, akiona kwamba sahani ndogo zinamdhalilisha. Wageni hawakugundua lolote, na mapipa ya nyuma yakawa mepesi. Meneja alitaka kunibakisha, mimi nikarudi vijijini. Nilipanda cheo mpaka nikakikalia kiti cha Bwana Katana alipostaafu, na Daktari alipohamishwa kwenda bara tuliagana jikoni, maana ndiko tulikokuwa tumezoeana. Aliniambia, "Usiwaache watu waharakishe." Sikuwaacha, au nilijitahidi.

Mimi pia nilistaafu, na nikadhani nimemaliza. Lakini siku hizi kila utafiti hupitishwa kwanza mbele ya kamati ya wenyeji, na wenyeji wa kwetu walinichagua mimi. Tunakaa watu wachache ukumbini, wavuvi, waalimu, akina mama wa soko, tunasoma maombi, na vijana wenye kompyuta huja kujieleza. Kura zao hupigwa na mashine kwa kufumba na kufumbua, na wanajua mengi ambayo sisi hatukuyajua.

Mwaka jana alikuja kijana mmoja, mnyenyekevu, akatuamkia wote shikamoo mmoja mmoja. Mpango wake ulikuwa mzuri, makundi yamekaa sawa. Muuza samaki aliye kando yangu akamwuliza, "Mwanangu, mkimaliza, wale wa kundi la pili watapata nini?"

Kijana akafungua karatasi zake, akazifunga. "Kusema kweli, mama, hilo sikulifikiria."

Hatukumpitisha. Alishukuru, akaondoka, na mimi nikajiambia huyo hatarudi, atakwenda mahali ambako hawaulizi. Mwezi uliofuata tulipofungua mlango wa ukumbi tulimkuta amefika kabla yetu, amekaa ngazini, na ukurasa mpya umeongezwa mwishoni mwa ombi lake, unaoeleza kundi la pili litapata nini. Muuza samaki hakujua kusoma, kwa hivyo nilimsomea ukurasa wote kwa sauti. Akasikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie sehemu moja, nikarudia.

"Taibu," akasema. "Mwite aingie."